“Kama niliona yote polepole, mbona mkono wangu haukuachia kamba?”

Kijana mmoja wa Shela, Lamu, mwenye umri wa miaka 22, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha kwa ruhusa yake:

“Shikamoo Mwalimu. Tulikuwa watatu kwenye mashua ya ami yangu, tunarudi kuvua. Kusi ilikuwa kali. Tulipokuwa twaingia mlangoni mwa mkondo wa Lamu, Ras Kitau iko kuliani, upepo wa ghafla ukajaa tangani, mashua ikalala. Mimi ndiye niliyeshika demani, kamba ya kuongozea tanga. Tangu tanga lilipoanza kulala mpaka nikawa majini niliona kila kitu: foromali, ule mti unaobeba tanga, ikishuka taratibu kama jani, ndoo ya chambo ikimwagika, ami amefungua kinywa wala simsikii. Kana kwamba dunia imepunguza mwendo. Alhamdulillahi tulisalimika, lakini ami foromali ilimvunja mkono. Sasa kila tukikaa ananiuliza: ‘Si ulisema uliona yote polepole? Basi kwa nini hukuachia demani?’ Sina la kumjibu. Je, wakati hupungua mwendo kweli? Na kama hupungua, mimi nilikuwa nafanya nini?”

Marahaba, mwanangu. Umfikishie ami yako pole ya mkono.

Umeniuliza maswali mawili ukayafunga fundo moja. La kwanza ni la wakati. La pili, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi, ni la mkono wako. Jibu la la pili nalitanguliza, usije ukasoma yote haya roho iko juu: hukuwa na nafasi yoyote. Sekunde zile zilikuwa fupi kwako kama zilivyokuwa fupi kwa ami yako, na kwa yeyote aliyekuwa amesimama ufukweni Shela akitazama. Ule urefu uliingia baadaye, ulipoanza kukumbuka, na hiyo “baadaye” yaweza kuwa ni kabla hata hujatoa kichwa majini.

Najua hukubali. Nami sikukubali niliposoma habari hii mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka 11 nilipoanguka kutoka juu ya mwembe. Mita nne hivi. Ukipiga hesabu ya kitu kinachoanguka, mita 4 ni sekunde 0.9, haifiki hata moja. Lakini mimi kwa miaka nimelisimulia anguko lile kama safari: niliona siafu wakipanda shina, niliona kandambili yangu moja imenitangulia, nikafikiri mama atanichapa, nikachagua upande wa kuangukia. Siku moja nalisimulia mbele ya kaka yangu, akaangua kicheko: “Kandambili gani? Ulipanda pekupeku. Kandambili zako nilikuwa nimezivaa mimi.” Tunabishana mpaka leo. Kisa hiki kiweke kando, tutakirudia.

Wewe na mimi hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1871 mwanajiolojia wa Uswisi, Albert Heim, alikuwa mlima Säntis pamoja na wenzake. Upepo ukamrusha kofia, naye badala ya kuiacha iende zake akainyooshea mkono, akaporomoka gengeni. Anasimulia kwamba akiwa bado hewani aliwaza avue miwani aitupe, isije ikavunjika vigae vikamwingia machoni. Akawaza mhadhara aliotakiwa kuutoa siku chache zijazo. Akawaza watu wake watakavyopokea habari. Mtu anaanguka, anawaza mhadhara! Alipopona akaanza kukusanya visa vya wengine walioanguka wakaokoka, na mwaka 1892 akavitangaza kwa chama cha wapanda milima cha Uswisi. Wengi walisema mamoja: fikra zilikwenda mbio, hofu haikuwepo, wakati ukatanuka. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Russell Noyes na Roy Kletti, wakaitafsiri kazi ya Heim na kukusanya visa vyao wenyewe, vya watu walioponea ajali za magari, maanguko na kuzama. Wakasikia wimbo ule ule.

Kwa hiyo hisia yenyewe haina ubishi, na mtu akikwambia unatunga, mwambie aende akasome. Ubishi uko mahali pengine: je, ile polepole huwapo wakati jambo linatokea, au huingia katika kulikumbuka?

Aliyeamua kulipima jambo hili ni David Eagleman, mtaalamu wa ubongo wa Marekani, ambaye naye utotoni alianguka kutoka kwenye paa. (Naona sisi wote tunaoishughulikia habari hii tulianza kwa kuanguka.) Yeye na wenzake, Chess Stetson na Matthew Fiesta, walitoa matokeo mwaka 2007. Ili uuelewe werevu wao, tazama pangaboi la darini kwenu. Likizunguka polepole unahesabu mapanga yake. Likikolea, mapanga yanapotea, unaona duara moja la ukungu. Panga hazikwenda popote. Jicho na ubongo vimeshindwa kuzitenganisha. Sasa, kama hatari kweli hupunguza mwendo wa dunia machoni pako, basi mtu aliye hatarini angetazama pangaboi linalokwenda kasi na kuzihesabu panga.

Wao hawakutumia pangaboi. Walitengeneza kifaa cha kuvaa mkononi kama saa, kinachoonyesha tarakimu na kinyume chake kwa zamu, haraka haraka: palipokuwa na mwanga pakawa giza, palipokuwa na giza pakawa mwanga. Zamu zikiwa za taratibu unasoma tarakimu. Zikizidi kasi kidogo, picha mbili zinachanganyika usione kitu. Kila mtu walimpimia kwanza kasi yake ya kushindwa kusoma. Kisha wakampeleka kwenye uwanja wa burudani huko Dallas, wakampandisha mnarani, wakamwachilia aanguke kinyumenyume, bila kamba yoyote, mita 31, mpaka kwenye wavu. Sekunde mbili na nusu za kuanguka, macho yako kwenye kile kifaa.

Matokeo yalikuwa mawili, na yote mawili yanakuhusu.

Walipoulizwa anguko lao lilichukua muda gani, walilikuza. Ukilinganisha na walivyokisia maanguko ya wenzao waliowatazama, la kwao waliliona refu zaidi kwa asilimia 36. Hiyo ndiyo dunia yako iliyopunguza mwendo. Lakini tarakimu? Hawakuzisoma. Macho yao hewani hayakuwa makali kuliko yalivyokuwa walipokuwa wamesimama chini salama. Wakati ulitanuka katika simulizi, haukutanuka katika jicho.

Na hebu itazame vizuri hiyo 36. Sekunde mbili na nusu ukiziongeza asilimia 36 haupati hata sekunde nne. Sisi tunasema “wakati ulisimama”, lakini mtu akipewa saa aukadirie, huongeza chini ya sekunde moja. Binafsi namba hii ndiyo iliyonishangaza kuliko mengine yote.

Wapo viumbe ambao kwao dunia huenda polepole kweli, nao wanatusumbua kila siku pale soko la samaki. Taa inayowaka na kuzimika zaidi ya mara 60 hivi kwa sekunde sisi twaiona inawaka mfululizo. Nzi anaweza kuzitenganisha zaidi ya 200. Kofi lako unaliona la haraka, kwake ni mkono unaokuja kwa kujivuta. Ili wewe upate nafasi uliyodhani unayo pale mlangoni, ungehitaji jicho la nzi, na hofu haitupi jicho hilo.

Sasa, kama si jicho, ni nini? Ndani ya ubongo, kila upande usawa wa panja, kuna kiini kidogo kiitwacho amigdala. Jina limetokana na neno la Kigiriki la lozi, kwa sababu ya umbo lake. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari na kupiga mbiu. Mbiu ikipigwa, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli. Haya kila mtu ameyasikia. Lisilosemwa sana ni kwamba amigdala humgeukia pia jirani yake, hipokampasi, ambaye ndiye karani wa kumbukumbu, na kumwambia: leo andika kila kitu.

Siku za kawaida karani huyu ni mvivu, na uvivu wake ni rehema. Jana ulishuka gati mara ngapi? Ndoo ya chambo ilikuwa imekaa wapi? Hukumbuki, kwa sababu hakuandika. Siku ya mashua aliandika ndoo, akaandika maji yalivyomwagika, akaandika kinywa cha ami yako. Kuna jaribio zuri la Larry Cahill na James McGaugh la mwaka 1994. Watu walionyeshwa picha na kusimuliwa habari ya mtoto anayetembea na mama yake, katikati akagongwa na gari, akapelekwa hospitali. Wiki moja baadaye, wengi waliikumbuka sehemu ya ajali vizuri kuliko sehemu nyingine. Lakini waliokuwa wamepewa propranololi kabla ya kusimuliwa (ni dawa ile ile wazee wetu wengine wanapewa ya presha, inayozuia kazi ya adrenalini), hawakuikumbuka ajali zaidi ya yale mengine. Habari ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni ile mbiu.

Na hapa ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa muda. Ubongo hauna chombo kimoja cha kupimia wakati kama ulivyo na jicho la kupimia mwanga. Ukiulizwa “ilichukua muda gani?”, sehemu kubwa ya jibu lako unaitoa kwa kutazama ghalani: mna vitu vingapi? Vikiwa vingi unasema ilikuwa ndefu.

Hili mtu wa Lamu analijua bila maabara. Dakika kumi za mwisho kabla ya adhana ya Magharibi ndani ya Ramadhani, kaimati ziko mbele yako, tende mkononi: dakika hizo hazisogei. Umekaa unauangalia wakati wenyewe, na wakati ukiangaliwa huvimba. Lakini mwezi ukiisha unasema Ramadhani imepita mbio, kwa kuwa zile jioni zote zilifanana na karani aliandika moja tu. Sasa chukua wiki ya Maulidi. Ngoma huku, mashindano ya punda kule, kuogelea, mbio za mashua, wageni kutoka Comoro, huna hata nafasi ya kutazama saa, siku zinateleza. Ukija kukumbuka mwezi unaofuata, wiki ile ni ndefu kama mwaka. William James aliliandika hili mwaka 1890, kwamba muda uliojaa mambo huwa mfupi ukipita na mrefu ukikumbukwa, na muda mtupu huwa kinyume chake. Hakuwahi kufunga Ramadhani Lamu, lakini alilipata sawasawa.

Mashua yako ilikuwa wiki ya Maulidi iliyobanwa ndani ya sekunde tatu.

Nisikudanganye kwamba wataalamu wote wamelala hapo. Wapo wanaopinga, na hoja zao nazo zina uzito. Waliojitupa Dallas walijua wavu uko chini. Wewe hukuwa na wavu. Kifaa kile kilipima macho, hakikupima fikra, na Heim hakusema aliona haraka, alisema aliwaza haraka. Mwanafalsafa wa Finland, Valtteri Arstila, ameandika mwaka 2012 kwamba katika ajali huenda akili kweli hukimbia, na kwa kuwa inakimbia, nje panaonekana panakwenda kwa kujikokota. Tena kuna hofu isiyohitaji kumbukumbu ndefu: mwaka 1984 watu wanaoogopa sana buibui waliwekwa wamtazame kwa sekunde 45, nao wakakisia muda mrefu zaidi kuliko wasiomwogopa. Hofu huvuta makini, na makini huvimbisha muda hapo hapo, kama zile dakika za kabla ya adhana.

Mimi naona yote mawili yamo, na kumbukumbu ina fungu kubwa zaidi. Lakini angalia: hata hao wanaosema akili hukimbia, hakuna anayesema mkono hukimbia.

Basi tuje kwenye mkono.

Mtu mzima mwenye afya, amekaa, ametulia, ameambiwa “taa ikiwaka bonyeza”, huchukua kiasi cha moja ya tano ya sekunde. Hapo kitendo ni kimoja na amekingoja. Ukimpa vitendo viwili vitatu achague, muda unaongezeka. Wewe ulikuwa na demani, usawa wa mwili wako, mashua inayolala, na ami aliye chini ya foromali. Hofu haikuongezea hapo hata chembe ya sekunde.

Lakini kuna jambo la pili ambalo ningependa ami yako alisikie kwa masikio yake. Mwili ukishtuka hukunja. Mabega hupanda, viwiko hukunjika, ngumi hufumba. Mpigie mtu ukelele wa ghafla nyuma yake umtazame. Na mtu anayepoteza usawa hukaza chochote alichokishika, iwe ukuta, iwe nguo ya mwenzake, iwe kamba. Kuachia demani ni kufumbua mkono. Yaani ulitakiwa ufanye kitendo kilicho kinyume kabisa na kile ambacho mwili wako wote ulikuwa ukikifanya wakati huohuo, na uvutano wa tanga lililojaa upepo umeikaza kamba kiganjani. Mabaharia wakongwe huachia, naam. Hawaachii kwa kuwa wana muda mrefu kuliko wewe. Huachia kwa sababu mkono umefanya hivyo mara elfu katika upepo mdogo mdogo, mpaka hauulizi tena kichwa. Ndiyo maana hawaifungi demani katika kusi wala hawaizungushi kiganjani. Kama siku ile uliizungusha, hilo ni kosa la dakika kumi kabla ya upepo, na linafundishika. Usilichanganye na zile sekunde tatu.

Ulisema pia hukumsikia ami. Sikio lako lilikuwa zima. Wamarekani waliwauliza polisi 157 waliowahi kufyatua risasi katika mapambano: kiasi cha 6 kati ya 10 walisema wakati ulikwenda polepole, na walio wengi zaidi ya hao walisema sauti zilififia, wengine hata mlio wa bunduki zao hawakuusikia vizuri. Makini ikimiminika yote kwenye jicho, sikio hubaki na tone. Halafu wapo wachache katika hao waliosema wakati ulikwenda mbio. Kwa hiyo yule mwenzenu wa tatu akisema yeye hakuona polepole yoyote, alijikuta tu majini, msimwite mwongo.

Na ile kandambili yangu? Karani anayeandika kila kitu kwa haraka hujaza pia mapengo. Ninaiona kandambili ile mpaka sasa, rangi yake ya buluu, imekatika mshipi. Kaka yangu anaapa haikuwepo. Kwa hiyo foromali iliyoshuka kama jani, iamini kwa hisia, lakini usiikubali iwe ushahidi dhidi yako. Haikushuka kama jani. Ule ni mti mzito, ulishuka kama mti, mkono wa ami yako unajua.

Nina ombi. Pale Dallas hawakuwauliza watu “sekunde ngapi?” tu. Waliwapa saa ya kubonyeza, wakawaambia: lirudie anguko lako akilini, bonyeza linapoanza, bonyeza linapoisha. Usiku mmoja baada ya Isha mkae barazani nyote watatu. Shika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Muombe ami afumbe macho alirudie tukio, tangu upepo ulipopiga mpaka alipoingia majini, aseme “haya” na aseme “basi”. Kisha mwenzenu. Kisha wewe, na ami ndiye ashike simu. Msitajiane namba mpaka nyote mmalize. Halafu kama kuna mtu aliyewaona kutoka ufukweni, mfuateni naye kwa saa hiyo hiyo. Mkishapata namba ya huyo wa ufukweni, ami yako ahesabu kwa sauti muda huo, moja, mbili, mpaka uishe, huku wewe umeshika kamba iliyovutwa kwa nguvu zote na mtu wa upande wa pili. Akifika mwisho, umuulize ni wapi katika hesabu ile angeachia.

Niandikie namba mtakazopata.